Mabano ya Shemeji

Ofisini walimwita Bi Mistari, na hakukasirika, maana jina lilimkaa. Kalamu mezani kwake zililala zote zikitazama upande mmoja. Waya wa chaja aliukunja taratibu kama mtu anayekunja nguo za mtoto mchanga. Na akikaa kuandika programu, mistari yake ilijipanga kwenye skrini hata mtu asiyejua chochote angesimama nyuma yake akasema, hee, hapa pamefagiwa.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kilikuwa na dirisha moja lililogoma kufungika, feni iliyotikisa kichwa kama inakataa jambo, na meza tatu zilizosukumwa zikagusana. Meza ya dirishani ilikuwa yake, kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa chumba. Ya pili ilikuwa ya Redio, baba mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kupata kitufe cha kumzimia. Ya tatu, ile ya ukutani, ilikuwa ya Shemeji.

Shemeji alikuwa shemeji yake Bi Mistari kweli kweli, mume wa dada yake mkubwa. Lakini kwa vile Bi Mistari alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, ofisi nzima ikafuata. Mlinzi wa getini alimwita Shemeji. Mama wa kufagia alimwita Shemeji. Hata Meneja, mkubwa wake kwa cheo na mdogo wake kwa umri, alisema "Shemeji, hebu njoo" bila kuona ajabu yoyote.

Kazi yao ilikuwa programu ya kampuni ya maji: pampu iwake lini, vali ya bomba ifunguke lini, tangi likijaa nani aambiwe. Waliiandika kwa Lisp, lugha ya kompyuta ya siku nyingi, ambayo Shemeji ndiye aliyeingia nayo mlangoni na kuwafundisha wenzake. Lisp ni lugha ya mabano. Kila jambo hufunguliwa kwa bano na kufungwa kwa bano, na ndani yake kuna jingine, na ndani ya hilo jingine, kama sufuria zilizopachikwa kabatini kubwa kwa ndogo. Ukifika mwisho wa jambo refu unakuta mabano ya kufunga yamelala pamoja, sita, saba, kama vifuniko vilivyobaki.

Humo ndani kila kitu kina aina yake. Pampu ni aina, tangi ni aina, vali ni aina, na zote ni watoto wa aina moja kubwa waliyoiita mtambo. Ukitoa amri ya kuzima, pampu hujibu kwa namna ya pampu na vali kwa namna ya vali. Tena kila kitu kina mifuko yake ya kuwekea habari zake, na hapo pana adabu: usiingize mkono mfukoni mwa tangi kuchukua ujazo wake, liulize tangi lenyewe likuambie. Adabu za namna hiyo Bi Mistari aliziandika zote pamoja, wakaziita mwongozo. Mgeni akija anasoma mwongozo kwanza, ndipo anagusa programu. Programu husomwa na watu wengi kwa miaka mingi, na kila mtu akipika kwa mtindo wake jikoni mle mle, hakuna atakayejua chumvi iko wapi.

Sasa, Shemeji macho yalianza kumsaliti. Kwanza alisogeza kiti karibu na skrini. Kisha akakuza maandishi hadi neno moja likajaa upande mzima. Kisha asubuhi moja alimimina chai nje ya kikombe, palepale mezani, huku anaongea na Redio akitabasamu, na Redio kwa mara ya kwanza maishani akakosa la kusema. Hospitali walisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, wakasema, dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa mwanga na kivuli tu.

Alikaa nyumbani muda, akafunzwa kutembea na fimbo, akafunzwa pia kutumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Aliporudi kazini alivaa spika za masikioni, na ndani yake mwanamke asiyechoka alimsomea kila kilichoandikwa, haraka haraka, bila kupumua.

"Mwenzenu nimepata mke wa pili," aliwaambia.

"Anaongeaje?" Redio akauliza. Akapewa spika moja, akasikiliza, akairudisha upesi. "Huyu si mke, huyu ni shangazi! Tena shangazi aliyekuja bila kualikwa."

Basi sauti ile ikawa Shangazi tangu siku hiyo.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwita Shemeji, akamketisha, akamwagizia maji ya kunywa. Akamwambia kazi ya kituo kipya cha maji itakabidhiwa karibuni, na akiona mwendo unamwelemea, pale mapokezi pana simu inayohitaji mtu mwenye sauti nzuri na subira. Mshahara hautaguswa. Shemeji akasema sawa. Lakini Bi Mistari, aliyekuwa amesimama mlangoni na faili asilolihitaji, aliuona mkono wa Shemeji ukilitafuta tena na tena tundu la kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Mtu aliyeileta Lisp mlangoni akapokee simu! Bi Mistari hakula vizuri siku ile. Jioni alimpigia dada yake akamwambia, "Mumeo hatoki katika chumba changu, piga ua," na kesho yake akaanza kuandika mwongozo mpya.

Aliuandika kwa mapenzi, na mapenzi yake yalikuwa na mistari. Akajiuliza, mtu asiyeona atajuaje bano lipi linafunga nini? Basi kila bano la kufunga likawekewa maelezo pembeni yake, yakitanguliwa na nuktamkato kama ilivyo desturi ya Lisp: hapa mwisho wa sharti, hapa mwisho wa amri ya kuzima kwa aina ya pampu. Atajuaje jambo moja limeisha na jingine limeanza? Basi katikati ikapigwa safu ya nyota kutoka ukingo hadi ukingo. Atajuaje mfuko ni wa nani? Basi kila mfuko ukapewa jina refu lenye ukoo wake wote, mtambo, pampu, pampu ya kisima, kasi. Kila amri ikavishwa kichwa cha habari kinachoeleza imeandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na inafuata nini.

Redio alisaidiana naye ingawa hakufunga mdomo. "Bi Mkubwa, hii programu tumeivisha sweta. Tena sweta juu ya sweta. Itatoka jasho."

"Vaa na wewe uandike."

"Naandika, naandika. Nasema tu kwamba kabla sijafika kwenye pampu nimeshasahau nilikuwa natafuta nini."

"Wewe una macho. Hatuandiki kwa ajili yako."

Walimaliza kuivisha programu nzima. Bi Mistari alisimama nyuma ya kiti cha Shemeji akamweleza yote, kila nyota na kazi yake, kwa furaha. Shemeji akageuza uso kumwelekea, akasema, "Ahsante, shem. Mmenifanyia jambo kubwa. Sina cha kuwalipa." Na Redio mwenyewe akapenga kamasi.

Halafu mwendo wa Shemeji ukapungua.

Mwanzoni Bi Mistari alisema moyoni, anazoea. Lakini kadiri siku zilivyokwenda ndivyo kazi ilivyozidi kumlemea. Kazi ambayo zamani ilikuwa ya asubuhi moja ilimchukua hadi wenzake wanavaa viatu vya kutokea. Chakula cha mchana alikiacha kikapoa ndani ya kopo. Alikaa ameinamisha kichwa, vidole viwili vikibonyeza paji la uso, na mtu akimgusa bega alishtuka. "Uko sawa?" "Niko sawa." "Mwongozo unasaidia?" "Sana, shem, sana." Meneja alipita mara moja, akatazama, akaitazama na saa yake, akaondoka, na hilo lilimkata Bi Mistari maini.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake. Alimkuta uani anaanika mashuka, akachukua upande wa pili wa shuka bila kuambiwa, wakawa wanakung'uta pamoja kama walivyofanya tangu utotoni.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kajilaza. Kajifunika mto kichwani. Redio ya jirani ikilia anasema kichwa kinapasuka. Yeye, aliyekuwa anapenda muziki!" Dada akabana kibanio kwenye shuka. "Nikuulize kitu usinicheke?"

"Uliza."

"Huko kazini kwenu kuna mtu anaitwa Nyota?"

"Nyota? Hakuna. Kwa nini?"

"Anaweweseka usingizini. Nyota, nyota, nyota, nyota, mpaka nimpige kiwiko. Juzi nikamwamsha nikamwambia, baba fulani, kama una mtu wako niambie tugawane kufua." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa pembe ya shuka lililokuwa limeshalowa. "Anaisha, mdogo wangu. Anatoka hapa asubuhi kama anakwenda kupigwa."

Bi Mistari alibaki ameshika shuka. Nyota. Akaiona ile safu aliyoipiga kutoka ukingo hadi ukingo, ilivyonyooka, ilivyopendeza machoni. Machoni. Akaliachia shuka likagusa chini, na dada yake akapiga kelele kwamba limeshafuliwa hilo.

Jumatatu Shemeji alikuwa na siku yake ya kliniki, angechelewa kuingia. Bi Mistari alikaa kwenye kiti chake. Akavaa spika zake. Akatoa mtandio begani akaifunika skrini yote, kisha akabonyeza kitufe.

Shangazi akaanza. Nuktamkato nuktamkato nuktamkato nyota nyota nyota nyota nyota, na nyota hazikwisha, ziliendelea kama mtu anayepiga kokoto kwenye bati, safu nzima, moja moja. Kisha kichwa cha habari. Kisha nyota tena. Kisha fungua bano, kisha jina refu lenye ukoo wake wote, kisha jina lilelile tena kwa sababu ya kazi nyingine, kisha funga bano nuktamkato mwisho wa sharti funga bano nuktamkato mwisho wa amri ya kuzima kwa aina ya pampu funga bano nuktamkato. Bi Mistari alifumba macho akajaribu kushika uzi. Alitafuta mahali pampu inapozimwa tu, jambo moja dogo aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe. Akapotea. Akarudi mwanzo, akapotea tena. Jasho lilimtoka chini ya spika.

Redio aliingia na mkate mkononi akakuta mkuu wake amekaa mbele ya mtandio.

"Bi Mkubwa, umefiwa?"

"Njoo ukae hapa," akamwambia. "Usiseme kitu. Sikiliza."

Redio alisikiliza, na mkate haukufika mdomoni. Hatimaye akavua spika, akaziweka mezani kwa adabu kama mtu anayeweka kitu cha marehemu. "Haya mambo tumemfanyia sisi?"

Shemeji alipofika, fimbo yake ikigonga ngazi moja moja, Bi Mistari alimngoja atundike koti.

"Kwa nini hukusema?"

"Kusema nini, shem?"

"Nimemsikiliza Shangazi. Nimefunika skrini nikamsikiliza. Nimeshindwa kuikuta pampu yangu mwenyewe. Wewe umekaa humo wiki nzima, wiki na wiki, unaniambia sana shem, sana shem!"

Shemeji akapapasa kiti, akakaa.

"Ningesemaje?" akasema. "Mmeacha kazi zenu kwa ajili yangu. Nikuambie shem, ahsante kwa zawadi, ila inaniua? Na Meneja ananingojea nikwame. Nikilalamika kuhusu mwongozo, atasema huyu hata akitengenezewa hawezi. Nikaona nijikaze kisabuni."

"Kwa hiyo ulikuwa tayari kwenda kwenye simu kuliko kunivunja moyo."

"Nilikuwa tayari... Sijui nilikuwa tayari kwa nini." Sauti ikampanda, jambo ambalo hawakulizoea. "Lakini na wewe! Hukuniuliza! Mliandika mwongozo mzima wa masikio yangu, na masikio yenyewe yamekaa hapa, mita mbili kutoka kwenu, hayana kazi. Mmenihurumia kama kifaranga. Tangi tunaliuliza, shem. Hatulipekui, tunaliuliza. Mimi nani aliniuliza?"

Bi Mistari alikuwa na majibu mengi, mengine ya haki, kwamba alifanya kwa nia njema, kwamba hakulala vizuri kwa ajili yake. Akayaangalia yote yakiwa yamepangwa vizuri kichwani, akayaacha. Akavuta kiti chake hadi meza ya ukutani.

"Haya," akasema. "Nauliza sasa."

Wakakaa asubuhi iliyobaki, na mchana ule wote. Alichokisikia kilimfanya aone haya na kutaka kucheka kwa pamoja. Kwanza kabisa, mabano hayakuwa tabu. "Mabano?" Shemeji akashangaa. "Mabano ndiyo ngazi zangu! Nikitembea kwa vitufe vyangu Shangazi hayasomi, wewe umeyasikia kwa kuwa umemwacha asome yote mfululizo. Nabonyeza hapa, naruka jambo zima mpaka bano lake la mwisho. Nabonyeza hapa, naingia ndani. Nabonyeza hapa, natoka nje. Lugha nyingine ningekuwa napapasa ukuta. Hii ina kishikio kila mahali. Sasa mmeyawekea maelezo kila moja, Shangazi maelezo hawezi kuyaruka. Ni kama mtu kakubandikia karatasi kwenye kila kipandio cha ngazi, lazima usimame usome ndipo upande."

"Na kupangilia safu zinyooke?" Bi Mistari akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi sizioni, lakini hazinidhuru. Nyoosha tu, shem, roho yako itulie."

Alichohitaji kilikuwa kingine. Neno la kwanza la kila jambo liwe ndilo lenye maana, kwa kuwa sikio haliwezi kutupa jicho mbele. Majina yawe mafupi, ukoo ubaki nyumbani. Amri ielezwe mara moja tu, pale inapotangazwa, kwamba kuzima maana yake nini na anayejibu anaahidi nini. Kisha kila aina ijibu kwa ufupi bila kurudia hotuba. Na amri moja isifanye mambo mawili. Kisha akaomba jambo moja zaidi. Katika Lisp unaweza kuandika jibu linalozunguka majibu mengine, kama mlinzi wa mlangoni: kila ombi hupitia kwake kwanza, naye ndiye huamua kulipitisha kwa wa ndani au kulizuia. Hilo, Shemeji akasema, liseme mapema kwamba linapitisha. "Nikisikiliza mlinzi namna hiyo, nakaa roho juu mpaka mwisho, kuna kupitishwa au tumezuiwa. Msiniweke roho juu."

Redio alikuwa anaandika mbio. "Shemeji, haya mambo hata mimi nayataka," akasema. "Mimi mwenye macho."

Meneja alipoelezwa, alivua miwani akaifuta kwa tai. "Ngoja nielewe. Muda mwingi mmeutumia kuivisha programu nguo. Sasa mnataka muda mwingine mkaivue. Na wenye kituo wanakuja kukabidhiwa mwezi huu." Akamgeukia Shemeji na sauti yake ikalainika, na huko kulainika kulikuwa kubaya kuliko ukali. "Shemeji, mimi sikufukuzi. Nimeona ulivyokuwa ukihangaika. Kwa nini ujitese? Jumatatu ijayo uanze pale mapokezi, kwa heshima zako zote."

Bi Mistari akafungua mdomo. Alikuwa ameshapanga atasema nini: kwamba kosa ni lake, kwamba mwendo ule haukuwa wa Shemeji bali wa nyota zake, kwamba wamwongezee muda. Shemeji akainua kiganja upande wake.

"Shem, ngoja. Hili niachie." Akanyoosha mgongo. "Meneja, simu siitaki. Si kwamba kazi ya simu ni mbaya. Ila mimi ni mwandishi wa programu, sijaacha kuwa hivyo. Nilipokuambia sawa siku ile, nilikudanganya kwa adabu. Ulichokiona wiki hizi ni kwamba nilikuwa naandika nimebebeshwa mzigo, na mzigo huo sikuusema, hilo ni kosa langu. Nipe kazi moja ya kituo kipya. Kazi kamili, yenye kichwa na miguu. Hawa wataivua sehemu hiyo tu, haichukui siku. Nikishindwa katika hali hiyo, nitakwenda mwenyewe mapokezi bila kusindikizwa."

Meneja alitazama dirishani, pale ambapo hapakuwa na cha kutazama ila ukuta wa jirani. "Vali ya kumwagia," akasema mwishowe. "Tangi likipita kiasi, ifunguke. Bado haina mtu. Na iwe imekwisha kabla ya wageni."

Basi wakavua. Nyota zilifutwa, maelezo ya mabano yakafutwa, majina marefu yakakatwa mikia. Bi Mistari alidhani itamuuma, lakini kufuta kulikuwa kutamu kama kufungua mkanda baada ya shughuli.

Kilichomuuma ni kukaa. Maana Shemeji alikuwa amesema: usinisaidie mpaka nikuite. Alikaa mezani kwake na kazi zake, na jicho lake, lile jicho linaloona uzi uliolegea kwenye pazia la mtu, likawa linatoroka kwenda skrini ya ukutani. Aliona Shemeji anavyoruka kutoka bano hadi bano, vidole vikicheza, haraka, Shangazi akinong'ona. Aliona pia alipoandika jina la vali limepungua herufi moja. Akashika ukingo wa meza. Redio akamwona, akamtikisia kichwa. Alikaa juu ya viganja vyake kama mtoto aliyekatazwa pipi. Baada ya muda kompyuta yenyewe ikakataa, ikasema jina hilo halijulikani, na Shemeji akasema "aa, mjinga mimi" na kuliweka sawa, na Bi Mistari akashusha pumzi hadi karatasi mezani zikasogea.

Kazi haikutoka bila doa. Redio ndiye aliyeipitia, akakuta Shemeji amesahau hali ya tangi ambalo bado halijapimwa hata mara moja. "Hapa vali itauliza ujazo, tangi litasema sijui, na wote wawili watabaki wanatazamana," Redio akasema, akifurahia sana. Shemeji akacheka, akarekebisha, akairudisha. Likawa doa kama madoa ya watu wote, la kuoshwa na kusahauliwa.

Siku ya wageni, tangi la majaribio lilijazwa kupita kiasi na vali ikafunguka. Wageni waliangalia saa zao, wakatia sahihi, wakauliza choo kiko wapi. Hakuna aliyejua kwamba katika chumba kile cha ghorofa ya pili kulikuwa na mtu aliyekuwa akisubiri kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Meneja alipanda ngazi baadaye kuja kuwaambia. Alisimama mlangoni, lakini hakuna aliyemwona, kwa kuwa ugomvi juu ya mpangilio wa programu ulikuwa umepamba moto.

"Hapana, shem," Shemeji alikuwa anasema, amegonga meza. "Kuzima si mali ya pampu. Amri katika Lisp si mtoto wa aina yoyote. Majibu yote ya kuzima yakae pamoja, la pampu, la vali, la tangi, nisikilize kwa mfuatano nijue yanatofautiana wapi."

"Na mimi nikitaka kuijua pampu? Nizunguke nyumba nzima kukusanya vitu vyake, kofia huku, viatu kule? Vya pampu vikae kwa pampu!"

"Hayo ni macho yanaongea."

"Na hayo ni masikio! Masikio nayo yana ubishi, sikujua!"

"Andikeni nusu hivi na nusu vile," Redio akasema.

"Nyamaza!" wakamwambia kwa pamoja.

Meneja akakohoa. "Shemeji. Nimekuja kukuambia, ile simu ya mapokezi nimemtafutia mtu mwingine. Wewe unabaki hapa."

Shemeji akageuza uso mlangoni. Bi Mistari akaona kidevu chake kinavyojibana, akatazama pembeni ili asikiangalie.

"Ahsante, Meneja," akasema. "Ahsante sana. Hebu ingia, ukae. Tena umekuja wakati mzuri. Wewe ungekuwa unatafuta jibu la vali, ungeanzia wapi?"

"Mimi?" Meneja akarudi nyuma hatua moja. "Mimi sijui hata hiyo vali inaandikwaje."

"Usimwulize yeye, atasema kwa vali tu, kama ninavyosema mimi," Bi Mistari akasema, huku anamvutia Meneja kiti.